Akiba Iliyomo Katika Chuma

Yako mambo ambayo, kwa kuwa hufanyika penye oili na moshi, hudhaniwa kuwa hayana nafasi katika mazungumzo ya dini na hekima, na moja katika hayo ni kuichukua injini ya dizeli ya silinda sita, iliyokwisha kutumika miaka thelathini au zaidi, na kuifunga tabo ili itoe nguvu ambayo walioiunda hawakuikusudia. Kwamba jambo hili lawezekana hapana shaka. Wako mafundi hodari walifanyao, na barabara ya Kilwa inayapitisha magari ya namna hiyo kila siku, yakipanda na kushuka kati ya Dar es Salaam, Kibiti na Ikwiriri. Ninalouliza mimi ni kama jambo hili lina uhalali, na kama linao, ni kwa masharti gani na kwa haki ya nani. Kwani naamini kuwa mtu anayeongeza nguvu ya chombo kinachobeba roho za wenzake amefanya tendo la haki au la dhulma, ajue asijue, na ya kuwa mkono ulioshika spana utaulizwa kama ulimi utakavyoulizwa.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1990 Toyota ilianza kuzitia Land Cruiser injini iitwayo 1HZ, yenye silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita mchemraba 4,164, ambayo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe bila kusaidiwa, na nguvu zake ni za farasi 130 hivi. Waliozoea magari mapya huiona nzito na ya polepole, lakini mtu wa delta ya Rufiji haidharau, maana ameiona ikitoka katika mchanga wa mashamba ya mikorosho na katika tope la bondeni ambalo magari mengine huachwa mpaka jua litoke. Njia ya kushuka Nyamisati, ambako wasafiri hupanda vyombo vya kwenda Mafia, na njia nyingine ndogo zinazoishia penye mikoko, ambayo ndiyo misitu mikubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki, zina tabia yake masika inaponyesha. Na Land Cruiser moja yenye mkonga wake kando ya kioo hutakiwa ichukue kwa safari moja magunia ya mpunga, ndoo za kamba waliotiwa barafu, watu waliokaa juu ya mizigo hiyo, na pengine mama mwenye uchungu wa kuzaa ambaye hawezi kungoja kesho. Mwenye gari wa namna hii akitamani nguvu zaidi, simlaumu hata kidogo.

Wako wacha Mungu ambao humlaumu. Husema kuwa kila kitu kimewekewa kadiri yake, na kwamba kuivuka kadiri ni kukosa kanaa, na kukosa kanaa ni mlango wa uasi. Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini hapa wamekosea mahali pa kuisimamisha hoja yao, kwa kuwa kadiri ya injini haikuteremshwa kutoka mbinguni: iliwekwa na wahandisi waliokuwa wakishindana na bei, na sheria za nchi mbalimbali, na karakana zao, na kila mmoja wao alijua kuwa angeweza kuiweka mahali pengine. Tena kuna israfu ambayo dini zetu zote zimeikemea, na injini imejaa israfu. Katika joto lote linalozaliwa ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu hugeuka kazi. Theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na iliyobaki hutoka katika ekzosi ikapotea angani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata mwaka 1905 hataza ya uvumbuzi wa kuutumia moshi huo utokao kuzungusha gurudumu dogo la mapanga, na gurudumu hilo likazungusha jingine lililofungwa katika mtaimbo ule ule, ambalo kazi yake ni kuishindilia hewa ndani ya silinda; chombo hicho ndicho mafundi wetu wakiitacho tabo. Na hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi yaweza kuungua, na nguvu ikaongezeka bila kuongeza silinda hata moja. Alingoja miaka ishirini kabla ya kuona tunda kubwa la fikira yake, pale meli mbili za Kijerumani za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, zilipopata injini ambazo kwa njia hiyo zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hata 2,500. Mtu aliyekiokota kilichokuwa kikitupwa akakifanyia kazi yenye manufaa hakuasi. Ameshukuru kwa vitendo.

Basi hoja ya kanaa haitoshi kuharimisha. Lakini hoja ya upande wa pili, ambayo ndiyo inayosikika zaidi gerejini, ni dhaifu kuliko hiyo: kwamba injini ni chuma tu, chuma hakina roho, na mwenye mali hana wa kumuuliza juu ya mali yake. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani hii, waliishughulikia zamani mas'ala iliyo karibu na hii. Katika mlango wa ijara wa kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, kilichosomeshwa katika darsa za mwambao wetu kwa vizazi vingi, anatajwa mtu aliyekodi mnyama kwa mzigo wa kipimo kilichotajwa, kisha akamtwika zaidi ya kile. Naye hukumu yake ni kuwa ziada ile ina ujira wake, na mnyama akiangamia mikononi mwake, mwenye mnyama asiwepo, dhamana itamwangukia yeye aliyezidisha. Utaniambia kuwa injini haisikii maumivu, na tofauti hiyo naikubali, tena ni kubwa, kwa kuwa mnyama ana haki inayotokana na nafsi yake ambayo chuma hakina. Hata hivyo iangalie hukumu hiyo kwa makini: haikutaja maumivu. Imesimama juu ya kipimo kilichokubaliwa, na juu ya ulizo la nani atakayelipa kipimo kikivukwa. Ulizo hilo halihitaji roho ndani ya kinachobeba. Linatosheka na roho za wanaobebwa.

Na kipimo cha injini kuukuu kiko wapi? Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Walioziunda injini hizi walikuwa watu wasiomwamini mtumiaji, na kutoamini kwao kulikuwa rehema: hawakuiamini dizeli atakayotia, wala oili, wala fundi, wala dereva, wala barabara, kwa hiyo wakaweka chuma kinene kuliko hesabu tupu ilivyotaka, na ndiyo sababu injini hizi hustahimili mambo ambayo injini za leo hazistahimili. Ule unene ni akiba. Fundi anayefunga tabo na kukaza skrubu ya pampu ili dizeli ishuke zaidi haumbi nguvu kutoka pasipo kitu. Sehemu moja ameipata kwa moshi uliokuwa ukipotea, na hiyo ni halali yake, lakini sehemu nyingine anaitoa katika akiba ile. Je, akiba hiyo ni ya nani?

Mwenye gari atasema ni yake, kwa kuwa aliinunua pamoja na chuma. Mimi nasema aliinunua kama amana. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo oili imechelewa kubadilishwa, au rejeta imezibwa na tope, au dizeli iliyonunuliwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa bila dereva kujua. Na siku hiyo haimfikii mwenye gari peke yake, huwafikia wote walioketi nyuma. Mkulima wa bonde la Rufiji, ambaye mafuriko yaweza kumchukulia mpunga wote shambani, huzitenga mbegu za kilimo cha mlau atakazozitia ardhini maji yanaposhuka, na ijapokuwa mbegu hizo ni zake na zinalika, mke wake na watoto wake wana haki ndani yake hata katika mwezi wa njaa. Haki ya abiria katika unene wa silinda hedi ni ya namna hiyo.

Kutokana na hayo nahukumu kuwa akiba yaweza kutumiwa, lakini anayeitumia amewajibika kuweka nyingine badala yake, na hilo ndilo sharti ambalo haliwezi kuondolewa na nia njema wala na matokeo mema. Walioiunda 1HZ wenyewe ni mashahidi wangu. Walipotaka tabo katika injini ya ukubwa huu, waliunda nyingine, 1HD-T, ambayo dizeli yake hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kuwashwa kwanza katika kijumba cha pembeni, na kubana kwa hewa kulikokuwa zaidi ya 22 kwa moja wakakushusha hata 18.6 kwa moja. Maana yake ni kuwa wao, wenye elimu ya kila mshipa wa chuma kile, hawakujiruhusu kuongeza bila kupunguza mahali pengine. Fundi wetu, asiyeweza kubadilisha pistoni wala kijumba, ana wajibu wa kujizuia zaidi yao, wala si kidogo kuliko wao.

Adui wa kazi hii ni joto, na joto halionekani. Pistoni ni ya aluminiamu, madini ambayo huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, na moshi wa injini iliyozidishiwa dizeli waweza kupita digrii 700; pistoni husalimika kwa sababu moja tu, kwamba joto linaloipata huondolewa bila kukoma kwa ringi, na kwa kuta za silinda, na kwa oili. Uondoaji huo ukishindwa na uingiaji, silinda hedi hupasuka penye nafasi nyembamba kati ya vali, au pistoni hutoboka. Sasa ifikirie delta. Nguvu inatakiwa zaidi ya wakati wote gari likiwa katika tope, gia ndogo, mguu umekandamiza, na mwendo haushindi mwendo wa mtu aendaye kwa miguu. Hapo ndipo upepo wa mbele haupo, matundu ya rejeta yamejaa udongo, na hewa yenyewe ni ya moto na nzito kwa unyevu. Mtu wa Mbeya, ambaye hewa ya milimani humpungukia, ana udhuru mkubwa zaidi wa kufunga tabo na hatari ndogo zaidi ya kuzidiwa na joto. Wa Rufiji, aliye usawa wa bahari, hana upungufu wa hewa wa kulipia, na hatari yake ni maradufu. Kwa hiyo sioni uhalali wa kufunga tabo katika gari la abiria la huku pasipo kipimajoto cha ekzosi mbele ya macho ya dereva, na dereva awe ameelezwa akaelewa ni wapi pa kuondoa mguu. Fundi anayeacha kifaa hicho kwa kuwa mteja anauliza habari za mvuto tu ameuza nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima.

Delta hii iliwahi kuona, kwa kipimo kikubwa, nani hulipa chuma kinapoishiwa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokwisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mikono ya Rufiji kwa kuwa mashine zake zilikuwa zimeharibika. Na vyuma vya majiko yake vikafunguliwa, vikaburutwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikarudishwa kwa njia ile ile, na waliovuta kamba walikuwa Waafrika ambao vita ile haikuwahusu. Waingereza nao walileta ndege ya majini ya kuitafuta, na injini yake ikashindwa na joto la pwani yetu hata ikaletewa rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa, na mwezi Desemba injini hiyo ikamtua rubani wake mikononi mwa maadui. Manowari iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vimehifadhi majina ya makapteni na aina za mizinga. Mabega yaliyovuta vyuma hayakuandikwa hata jina moja, na naona uchungu kila nisomapo habari hizo, kwa kuwa aliyeamua mashine ifanye kazi kupita uwezo wake na aliyelipa hawakuwa mtu mmoja.

Kutenganishwa huko kwa anayeamua na anayelipa ndiko ninakokuogopa katika gari lililofungwa tabo, na hutokea kwa wepesi zaidi linapouzwa. Mafakihi wamemwajibisha muuzaji kuitaja aibu ya bidhaa anayoijua, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kurudisha. Lakini skrubu ya pampu iliyokazwa haionekani kwa kufungua boneti, na gari jepesi kupanda mlima humfurahisha mnunuzi kuliko linavyomtia shaka. Nashauri basi kwamba kila fundi anayefanya kazi hii aandike kwa mkono wake tarehe, kiasi cha hewa alichoruhusu, mizunguko aliyoikaza skrubu ya pampu kutoka ilipokuwa, digrii ambazo dereva asizipite, na muda wa kubadilisha oili, ambao kwa gari la tabo lazima uwe mfupi kuliko wa awali. Kisha karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari, ikabidhiwe kila anayelinunua, na kila dereva mpya asomewe kabla hajapewa ufunguo.