Kupanga Giza

Si ajabu siku hizi kumkuta kijana wa chuo amepewa kazi ya kubuni hatua moja ya mchezo wa kompyuta: ukumbi, msitu, au nyumba iliyohamwa, mahali ambapo mchezaji atapita kwa dakika chache na kutoka na hisia fulani moyoni. Wako wazee wenzetu waionao kazi hii kuwa ni upuuzi. Sisi hatuioni hivyo. Tuliokesha tukitafuta kina kimoja cha mwisho wa shairi tunajua kwamba kuutia moyo wa mwenzio majonzi au hofu ni madaraka makubwa, na penye madaraka hapakosi swali la haki.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Kijana hupanga taa, kwa kuwa jicho la mchezaji hufuata mwanga; huchagua mlio wa nyayo juu ya mbao na mlio mwingine juu ya mawe; huamua kipi kionekane na kipi kisitirike. Mwaka 1999 ulitoka Japani mchezo uitwao Silent Hill, na ukungu uliotanda mjini mwake ukawa mashuhuri. Ukungu ule ulitokana na udhaifu wa mashine, ambayo haikuweza kuchora yaliyo mbali. Watungaji wakaugeuza udhaifu huo kuwa hofu. Mshairi aliyepata kubanwa na mizani atawaelewa.

Lakini mwenye kupanga giza anajua kila kilichomo gizani, na anayeingia hajui kitu. Je, huku si kudanganyana? Tutajibiwa kwamba hata bibi zetu walitutisha kwa hadithi za mazimwi. Ni kweli, ila bibi alikuwa ameketi nasi. Akimwona mtoto mmoja amezidi kujikunyata, sauti yake ilishuka, na zimwi likachelewa kufika. Mtungaji wa mchezo hayupo chumbani. Huruma aliyokuwa nayo bibi hana budi kuiweka mapema ndani ya mahali penyewe: taa moja kwa mbali, mlango usiofungwa, kimya cha kupumulia. Kelele ya ghafla masikioni ni rahisi, nasi twaiita unyang'anyi. Kwa sababu hiyo ni vema mwanafunzi akae nyuma ya mtu anayeujaribu mchezo wake, anyamaze, asieleze neno, amtazame mabega tu.

Mwaka 2005 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitunga mchezo uitwao Cloud. Mtoto mgonjwa amelala hospitalini, naye anaota anaruka angani akikusanya mawingu. Hakuna vita ndani yake. Mmoja wa waliouongoza, Jenova Chen, aliugua pumu utotoni na kulazwa mara kwa mara. Upweke ule ulikuwa wake mwenyewe, hakuuazima kwa mtu.

Hapo ndipo penye ugumu kwetu. Kijana wa Kitanzania akitaka mahali pa kutisha, huenda fikra zikamwendea chumba cha watumwa cha Mangapwani, Unguja, kilichochimbwa katika mwamba, ambamo watu walifichwa baada ya biashara ile kupigwa marufuku mwaka 1873. Atapata kila kitu tayari: giza, ngazi za mawe, bahari iliyo karibu. Minyororo ataitundika kwa dakika tano. Lakini maumivu yale yana wenyewe, nao hawawezi kuombwa ruhusa. Tulipolisema hilo mbele ya vijana, mmoja wao alitujibu kwa adabu: "Wazee wetu, tukikiacha sisi, watakitunga wageni, nao watakitunga vibaya." Hoja hiyo ilitunyamazisha kwa muda, kwani tumeyaona mengi yetu yakisimuliwa na wengine.

Basi akitunge. Asiweke zimwi humo, wala alama za ushindi, wala kelele. Mchezaji ashuke, akae gizani kwa muda ambao atauona mrefu, asikie bahari kwa mbali, kisha apande ngazi zile zile, akijua kwamba yeye anaweza kupanda. Hayo kijana aliyakubali. Kuhusu minyororo hatukuafikiana: yeye anataka ionekane, sisi twataka isikike tu, na hata sasa tunapoandika bado hatuna hakika ni nani kati yetu anayewatendea haki watu wale.