Mwanga, Giza na Dau

Mchana na usiku hugawana maisha ya binadamu kama ndugu wawili wanavyogawana urithi wa baba yao. Kila mmoja huja na fadhila yake na dhara yake. Mkulima na mvuvi hulijua jambo hili. Kadhalika hulijua mrushaji wa mpira katika besiboli, mchezo unaopendwa mno na Wamarekani.

Katika mchezo huo mrushaji husimama futi 60 na inchi 6 kutoka mahali pa mpigaji. Kazi yake ni kumrushia mpira mwenzake aliyeshika gongo, ili aukose au aupige vibaya. Mpira wa kasi hufika kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Kwa hiyo kila kisaidiacho au kizuiacho jicho kina thamani kubwa. Alasiri, kivuli cha majengo kikiangukia kati ya watu hao wawili, mpira hutoka juani ukaingia kivulini, na jicho la mpigaji hubabaika. Hapo mrushaji amepata msaidizi asiyelipwa. Lakini joto la mchana huipunguzia hewa uzito wake, na mpira uliopigwa vyema huruka mbali kuliko katika baridi ya usiku. Tena wachezaji waliotoka uwanjani usiku mwingi pengine hutakiwa kurudi kesho yake adhuhuri, uchovu ungali mwilini.

Zamani hesabu hii haikuwapo, maana ligi kuu zilichezwa kwa jua tu. Tarehe 24 Mei 1935 Rais Roosevelt, akiwa Washington, alibonyeza kitufe. Taa zikawaka uwanjani Cincinnati, na ligi kuu zikapata usiku wao wa kwanza. Tangu hapo habari za kila mrushaji ziliweza kugawanywa mafungu mawili, la mchana na la usiku, na mcheza kamari akapata kitabu kipya cha kusoma.

Je, ni kosa kukisoma? Wako wasemao kuwa si kosa. Mwanachuoni huchunguza, mfanyabiashara hukadiria, na mweka dau mwenye kuchunguza hatofautiani nao: fedha ni yake, akili ni yake, na hasara ni yake. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Lakini ina nyufa mbili.

Ufa wa kwanza ni wa elimu. Katika msimu wa michezo 162, mrushaji wa kuanzia hupewa michezo thelathini na kidogo, na ile ya mchana ni sehemu tu ya hiyo. Katika michezo kumi, upepo, mpinzani, maumivu ya bega na bahati huweza kuandika tarakimu ambazo msomaji atazidhania kuwa ni tabia ya mtu. Methali husema dalili ya mvua ni mawingu. Haikusema kila wingu ni mvua. Tarehe 8 Agosti 1988 uwanja wa Wrigley, Chicago, uliwashiwa taa kwa mchezo wake wa kwanza wa usiku wa ligi kuu. Mambo yote yalikuwa yamepangwa. Mvua ikanyesha, mchezo ukavunjika. Kukadiria ni elimu, bali kudai hakika kwa sababu umekadiria ni ujinga uliovaa joho.

Ufa wa pili ni wa utu, nao ni mpana zaidi. Dau haliwekwi juu ya mwanga wala giza, bali juu ya mtu. Mwaka 1919 Eddie Cicotte, mrushaji wa Chicago, alipokea fedha za wacheza kamari ili timu yake ishindwe katika fainali. Mwaka 1921 yeye na wenzake saba walifukuzwa mchezoni maisha. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyafungulia majimbo mlango wa kuruhusu kamari za michezo, na watu wakaweza kuweka dau hata juu ya mrusho mmoja. Mwaka 2025 warushaji wawili wa Cleveland walishtakiwa kuwa walipatana na wacheza kamari juu ya mirusho yao, nao wakakana. Mwaka huo huo Lance McCullers, mrushaji wa Houston, alitumiwa vitisho vya kuuawa watoto wake baada ya mchezo mbaya. Polisi waligundua kuwa mtumaji ni mcheza kamari wa ng'ambo aliyepoteza dau. Iko wapi basi ile hasara iliyodaiwa kuwa ni ya mwenyewe? Ilibisha hodi kwa watoto wasiojua dau ni nini.

Kujua udhaifu wa mwenzako si dhambi. Kocha ajuaye kuwa mchezaji wake amechoka kwa mchezo wa jana usiku humpumzisha. Mweka dau ajuaye hayo hayo humtolea bei. Elimu yao ni moja, ila nia zao ni mbali. Taa zaweza kuufanya usiku kuwa mchana, lakini hazimfanyi mtu kuwa dadu; na wanaomtupa mwenzao kama dadu wasistaajabu siku watakapoona ananunuliwa kama dadu.