Haki ya Kusikilizwa Mwala
Mwala, katika Kaunti ya Machakos, hukumbwa na ukame mara kwa mara. Mvua ikikosekana, mkulima wa huko, Masii au Wamunyu, huumia kwanza. Je, anayeumia ana haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi kuhusu tabianchi kufanywa? Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa hiyo kiongozi wa umma anayeitisha mkutano kuhusu tabianchi hatoi hisani. Lakini mlango wazi pekee hautoshi. Haki hutimia tangazo linapofika mapema, Kikamba, lugha ya wenyeji, kinapotumika na maoni yanapojibiwa. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko Ukambani, vinathibitisha kwamba wenyeji wana maarifa, si malalamiko tu.