Ujuzi Ubaki kwa Nani?

Apitaye leo katika Mtaa wa Lumumba, kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, huenda asikumbuke kwamba hapo ndipo masomo ya chuo kikuu yalipoanza nchini mwetu. Oktoba 1961, katika jengo la TANU, wanafunzi wachache wa sheria walianza kusoma chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kutoa shahada zake chenyewe. Mgeni alifundisha, mwenyeji akajifunza, kisha mwenyeji naye akawa mwalimu.

Twayataja hayo kwa sababu ushirikiano mwingine wabisha hodi. Mataifa yenye viwanda yanatafuta mafuta yasiyoichafua hewa, nao wataalamu wameionyesha njia. Umeme wa upepo hupitishwa katika maji, maji yakatengana, ikapatikana haidrojeni. Haidrojeni hiyo ikiunganishwa na kaboni dayoksaidi hutoka methanoli, na katika methanoli hutengenezwa petroli. Hii si ndoto: kiwanda cha Haru Oni, kusini kabisa mwa Chile, kilifunguliwa kwa kazi hiyo Desemba 2022.

Upepo sisi tunao. Jirani zetu wa Kenya wana mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, na mwaka 2023 walitangaza mpango wao wa haidrojeni. Wataalamu wa Ujerumani, pamoja na wenzao wa nchi za SADC, ambamo Tanzania imo, na za ECOWAS, wameupima uwezo wa Afrika katika utafiti uitwao H2Atlas-Africa.

Basi twauliza: ushirikiano wa namna hii huwa wa haki lini? Wako wasemao kwamba yatosha fedha zikilipwa. Sisi hatukubali. Mtu akikodisha shamba asilolijua rutuba yake, atajuaje kama kodi apewayo ni halali? Haki ya kwanza, basi, ni ujuzi. Vijana wetu wasiwe wabeba vipimo tu. Na waketi penye hesabu na penye uamuzi, ili kesho waweze kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Haki ya pili ni ya wenye nchi. Kilo moja ya haidrojeni hudai lita zisizopungua 9 za maji. Singida ina upepo mwingi, lakini mvua yake ni haba. Mwanakijiji wa huko aulizwe kabla ya kisima kuchimbwa, wala si baada yake.

Haki ya tatu ni ya jirani. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Je, yafaa meli zichukue nishati safi bandarini, ilhali mama lishe wa Kariakoo apuliza mkaa, macho yakimtoka machozi? Biashara na nchi za mbali si dhambi. Lakini apaswaye kukumbukwa kwanza ni yule aliye mlangoni.

Nanyi wazazi, mtoto apendaye hesabu na kemia msimwambie kwamba hayo ni masomo ya watu wengine. Mwalimu mgeni ataondoka siku moja, na siku hiyo lazima awepo wa kushika chaki.