Mtu-Simba na Mchana Wake

Katika masuala yanayowakutanisha faqihi na padri, mganga na hakimu, bila ya mmoja wao kumwalika mwenzake, limo suala hili: mtu aliyeondokewa na utu wake akawa mnyama, kwa umbo au kwa akili, je, huhesabiwa kwa yale aliyoyatenda katika unyama wake? Pengine duniani suala kama hilo ni la kunolea bongo barazani baada ya sala ya alasiri. Lakini Singida, kwenye majabali yaliyopangana juu ya majabali na maziwa ya maji ya chumvi ya Singidani na Kindai, lilipata kuwa suala la roho za watu, na mahakama ikalazimika kulikalia.

Katika miaka ya mwisho ya arobaini ya karne iliyopita, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, nchi ya Wanyaturu wa Singida ilishukiwa na vifo ambavyo kwa dhahiri vilikuwa vya simba, kwa jinsi maiti zilivyoraruliwa. Lakini Serikali ilishikilia kuwa nyuma ya ngozi na makucha walikuwapo wanadamu, wauaji waliotumwa kwa ujira au kwa kisasi, na watu wakakamatwa na kushitakiwa kwa jinai ya kuua. Vijijini kadhia hiyo ilisimuliwa kwa njia nyingine: kwamba wapo vijana waliochukuliwa na wachawi, wakafungwa ndimi na fahamu kama misukule, wakafugwa gizani hata wakawa simba wa kutumwa. Mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa na Wanyaturu, aliiangalia upya habari hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, dalili ya kuwa hukumu za mahakama hazikuumaliza mjadala. Na katika miaka ileile ya arobaini, huko Njombe, mambo yalikuwa kinyume chake: simba walikuwa simba wa kweli, waliokula watu kwa muda mrefu, hata bwana nyama George Rushby alipowasaka na kuwaua, ilhali wenyeji waliamini kuwa ni simba wa mganga mmoja, Matamula, aliyewatuma kwa ghadhabu ya kuvuliwa cheo.

Kwa hiyo Singida mtu aliitwa simba, na Njombe simba akaitwa mtu. Na katika pande zote mbili jambo lililotafutwa lilikuwa moja, nalo ni mahali pa kuiweka lawama. Hapo ndipo sinema moja ya mbali, ambayo wengi huitazama kwa kupitisha usiku tu, inapotufaa kuliko inavyodhaniwa.

Mwaka 1981 John Landis alitoa filamu ya An American Werewolf in London, aliyokuwa ameiandika tangu 1969, baada ya kushuhudia huko Yugoslavia maziko ya mtu aliyetiwa kaburini kwa namna ya kumzuia asiinuke tena. Vijana wawili wa Kimarekani, David na Jack, wanatembea usiku katika nyika za Yorkshire. Mnyama anawarukia, Jack anakufa, David anapona na jeraha, na mwezi mpevu ukiwadia anageuka mbwa mwitu. Geuko lenyewe, lililompatia Rick Baker tuzo ya kwanza ya Oscar ya kushindaniwa kwa ufundi wa urembaji, halikufichwa gizani kama ilivyokuwa ada ya sinema za namna hiyo: linatokea sebuleni, taa zikiwaka, mifupa ikirefuka na kijana akilia kwa uchungu, ili mtazamaji asipate pa kudai kuwa hakumwona mtu ndani ya mnyama.

Ajabu ya filamu hiyo ni kuwa inachekesha. Jack, aliyekufa, anamjia rafiki yake hospitalini koo limechanika, akizungumza kwa bashasha kana kwamba amekuja kula naye kifungua kinywa. Na kila arudipo ameoza zaidi, na mzaha wake haupungui. Anasema kuwa yeye na wote watakaouawa na David watatangatanga katika barzakhi, si wafu si wahai, mpaka ukoo wa mbwa mwitu huyo ukatike. Mgeni wa sinema hii huuliza kicheko kimefuata nini kwenye damu. Mtu wa Singida hana haja ya kuuliza, kwa sababu anamjua mtani. Tangu enzi za misafara iliyopita Kilimatinde kwenda Unyanyembe, na hata kabla yake, makabila ya bara yamekuwa na watani ambao msibani hawaji kulia tu: mtani humwigiza marehemu mwendo na sauti, huzuia jeneza mpaka alipwe, huweza hata kuingia kaburini na kudai ada ya kutoka, na katika kelele zake husema hadharani yale ambayo ndugu wa damu wangeyameza kwa heshima. Marehemu alikuwa bahili. Marehemu alikuwa na madeni. Marehemu alimtesa mkewe. Hakuna awezaye kumkasirikia mtani, kwa kuwa desturi imempa kibali. Jack ni mtani aliyekufa mwenyewe, na anayoyasema ni hisabu iliyovikwa dhihaka, kwa sababu angeisema kwa huzuni David angeifunika kwa faraja, na angeisema kwa hasira angeifunika kwa utetezi.

Turudi sasa kwenye hisabu hiyo. Mafaqihi wa Kiislamu, kwa kutegemea hadithi mashuhuri, wamefundisha kuwa kalamu huinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie, maana taklifu, yaani kuwajibishwa, hufuata akili, na akili ikiondoka huondoka nayo. Wakristo nao husoma katika kitabu cha Danieli habari za Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliyefukuzwa kutoka kwa wanadamu akala majani kama ng'ombe, hata siku alipoinua macho mbinguni fahamu zikamrudia. Kurani nayo inataja waliovunja Sabato wakafanywa manyani. Mwenye kutafakari ataona kuwa katika visa hivi geuko halikuwa udhuru wa dhambi bali ujira wake: kiburi na uasi vilitangulia, vikatendwa na watu wenye akili timamu na sura za watu.

Lakini David hakuasi, aling'atwa. Usiku wa kwanza alipowaua watu sita, kalamu ilikuwa imeinuliwa juu yake, kwani, ingawa Jack alikwisha kumwonya, yeye alidhani ni maradhi ya akili, na daktari hakumwambia vinginevyo. Asubuhi anazinduka uchi katika kizimba cha mbwa mwitu, katika bustani ya wanyama ya London, na punde habari za maiti zinamfikia. Tangu saa hiyo kalamu imerudi. Naye kwa muda anatenda lililo haki: anamwendea askari katika uwanja wa Trafalgar, anaomba akamatwe, na asiposadikiwa anamtukana Malkia na kumzulia Shakespeare kuwa ni Mfaransa, akitumai kuwa matusi yatafanya ambalo ungamo limeshindwa, lakini askari anamwambia aondoke. Jioni, ndani ya jumba la sinema la Piccadilly, Jack na wale sita waliokufa wanamzunguka na kumshauri, kwa adabu kubwa, namna ya kujiua. Ushauri huo dini zetu haziukubali, na mimi siukubali. Aliyepaswa kufungwa kamba na kulindwa hakuwa na wajibu wa kujinyonga kwayo. Lakini wafu wale wanastahili sifa moja, kuwa hawakubishana na mbwa mwitu. Walimngoja mtu, wakazungumza naye angali mtu.

Hapo, kwa rai yangu, ndipo jibu la suala letu lilipo. Mnyama ana usiku tu, na usiku huo haumo katika daftari. Mtu ana mchana ulio baina ya usiku mmoja na wa pili, na huo ndio atakaoulizwa: alijua nini, alimwambia nani, alijifungia wapi. Wala mchana huo si wake peke yake. Katika filamu hii wapo wanakijiji walioketi katika kilabu chao cha pombe, wenye kuijua siri ya nyika yao, ambao waliwaacha wageni wawili watoke usiku kuliko kuvunja kimya chao. Hao hawakuota manyoya hata mara moja, na udhuru wao ni mdogo kuliko wa David.

Kwa mizani hiyo Singida inasomeka upya. Ikiwa Serikali ilikuwa na haki, basi aliyevaa ngozi alikuwa na mchana mrefu: siku ya kupatana ujira, siku ya kuishona ngozi, siku ya kuuliza njia apitayo mtu fulani jioni. Ikiwa wasimulizi wa vijijini walikuwa na haki, basi kijana aliyefungwa fahamu hana hisabu, na hisabu yote ni ya aliyemfunga na aliyelipa. Katika hali zote mbili neno simba halimtoi mtu yeyote hatiani isipokuwa yule ambaye kweli hakuwa na akili. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilijaribu kumfikia mganga na mtumaji, lakini sheria haiwezi kumfikia jirani aliyejua akanyamaza. Huyo hufikiwa na mtani, na ndiyo maana jamii iliyomwachia mtani aseme msibani ilikuwa na hekima kubwa kuliko tunavyoikubalia. Hofu hutaka mnyama, kwa kuwa mnyama haulizwi. Dhihaka humvua ngozi ikamtaja kwa jina lake na la baba yake.

Hata leo, bibi kizee anapouawa kwa sababu ya macho mekundu na ramli ya mganga, kijiji husema kuwa hasira ziliwapanda watu, kana kwamba hasira zilishuka na mwezi. Hasira hazina ujira, na muuaji wa kukodiwa anao. Aliyepokea, aliyetoa na aliyesikia wakipatana walikuwa watu watatu wenye akili zao, mchana kweupe, na kwa wote watatu kalamu ilikuwa ikiandika.