FEZA INAYOKATALIWA: NANI ABEBE HASARA?

  

Swali la Ijumaa hii linatoka sokoni. Mtu ana noti mkononi. Si noti ya bandia. Serikali imeitoa, benki inaitambua, na kule alikoipata imenunua mchele bila neno. Lakini hapa alipo anajua kwamba wenye maduka hawaitaki. Je, ni halali kwake kuipitisha kwa mtu ambaye hakuiangalia vizuri? Na yule anayeikataa, je, ana dhambi? Wako wanaosema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya kambiste, si mambo ya msikiti." Mimi sikubali. Mambo ambayo mtu anayafanya mara kumi kwa siku ndiyo yanayomjaza daftari lake.

Tuanze na sura tunayoisoma kila Ijumaa, Suratul Kahf. Wale vijana walipoamka pangoni, waliulizana wamelala muda gani, kisha wakamtuma mmoja wao mjini na feza yao akanunue chakula. Iko katika aya ya 19. Qurani haikutueleza muuza chakula alisema nini. Lakini wafasiri wengi wanasimulia kwamba mwenye duka aliigeuza ile sarafu, akaona chapa ya mfalme Dakyanus aliyekufa zamani, akawaonyesha wenzake, na wakamshika kijana wakidhani amefukua hazina. Tazameni jambo hilo. Feza ilikuwa ya kweli, tena ya madini safi, na aliyeibeba alikuwa mtu wa Mungu. Bado sokoni ilikataliwa. Na kijana hakuwa na kosa lolote, kwa sababu hakujua. Shika neno hilo, kujua, maana tutalirudia.

Sisi wa Kongo hatuna haja ya kulala pangoni miaka mia tatu ili tuyaone hayo. Inatosha kupanda gari. Shilingi ya Uganda inapita Aru na Mahagi kama feza ya nyumbani. Faranga ya Burundi inapokelewa Uvira, na ya Rwanda inapokelewa Goma. Mchukue mchuuzi huyo huyo, umlete Kindu au Kasongo na mfuko wake, uone kama atapata hata sahani ya sombe. Na dola ndiyo ajabu zaidi. Faranga yetu ya Kongo tunaipokea ikiwa imechakaa, imeungwa kwa gundi, inanuka ndakala. Dola ya mgeni tunaitaka kama bibi harusi, isiwe na mkunjo wala doa. Ikipasuka pembeni kwa upana wa ukucha, inarudishwa. Wamarekani wenyewe hawajaifuta: kwao noti zote za dola walizotoa, hata zile za zamani zenye kichwa kidogo, zingali halali. Kwetu zinageuka karatasi. Na hata faranga ina siku zake: mwaka 2025, benki zilipofungwa Goma na Bukavu, noti zilizobaki mikononi zilizunguka bila kubadilishwa mpaka watu wakaanza kuzichagua na kuzikataa.

Wazee mnakumbuka makubwa kuliko hayo. Mwishoni mwa mwaka 1992 utawala wa Mobutu ulitoa noti ya zaire milioni tano. Etienne Tshisekedi, aliyekuwa anajihesabu Waziri Mkuu, akasema noti hiyo haina thamani. Askari wakalipwa mshahara kwa noti hiyo hiyo, wakaenda madukani, wenye maduka wakaikataa. Mwisho wa Januari 1993 Kinshasa iliporwa, watu wengi wakafa, akiwamo balozi wa Ufaransa. Halafu mnamo Oktoba mwaka huo huo ikaja Zaire Mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Kasai zote mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zikaikataa. Wakaendelea na zaire za zamani mpaka faranga ya Kongo ilipoingia mwaka 1998. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na feza mbili. Aliyetoka Mbuji-Mayi na mfuko wa noti za zamani, akifika mkoa mwingine alikuwa kama yule kijana wa pangoni. Aliyekwenda Mbuji-Mayi na Zaire Mpya, naye vilevile. Na ile noti ya zamani, iliyofutwa na serikali, ndiyo iliyoshika thamani yake kuliko mpya.

Nawakumbusha hayo si kwa ajili ya siasa. Ni kwa sababu mtu akishikwa na noti mbovu husema: "Ni halali ya serikali, lazima uipokee." Kasai imetuonyesha kwamba neno la serikali peke yake haliifanyi karatasi inunue unga. Inanunua kwa sababu anayeipokea ana hakika kwamba na yeye kesho atapata wa kumpa. Ukimwondolea hakika hiyo, umempa wino na karatasi.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili kabla ya noti kuzaliwa. Katika vitabu vya fiqhi kuna neno naqd al-balad, maana yake feza ya mji. Watu wawili wakipatana bei na wasitaje feza gani, madhehebu yetu ya Shafii inasema maana yake ni feza inayotumika zaidi katika mji ule. Mama anayeuza mafuta ya mawese akisema "elfu tano," hakusema elfu tano yoyote iliyochapishwa duniani. Amesema elfu tano ambayo jioni hii ataweza kununulia chumvi. Ukimpa nyingine bila kumwambia, umebadilisha mapatano naye hajui. Basi kwangu mimi mwenye duka anayekataa noti isiyopita katika mji wake hana dhambi. Anatetea haki aliyopatana. Dhambi anaweza kuitafuta kwa mdomo wake, akimwita mgeni mwizi mbele ya watu, au akiikataa noti nzuri ya maskini kwa kiburi tu. Kukataa kwenyewe si dhambi.

Ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi walikwenda mbele zaidi. Walisema sarafu ikiacha kupita katika mji wa wanaouziana, lakini bado inapita katika miji mingine, mauzo hayavunjiki. Sarafu imepata aibu, kama mbuzi aliyevunjika mguu, na muuzaji ana hiari: akitaka aichukue hivyo hivyo, akitaka adai thamani yake. Hiari ni ya anayepokea, si ya anayetoa.

Sasa turudi kwenye lile neno, kujua. Hadithi ya chungu cha chakula mnaijua wote: Mtume, rehema na amani zimfikie, alitia mkono ndani ya chungu cha chakula sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Mwenyewe akasema mvua imekinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kile kilicholowa juu, watu wakione, kisha akamtoa kundini mwetu kila anayeghushi. Yule mtu hakukilowesha yeye. Mvua ilitoka mbinguni. Kosa lake ni kukificha chini. Vivyo hivyo wewe hukuipasua dola, umeipokea hivyo. Lakini kuikunja ili mpasuko ufichwe ndani, au kuiweka katikati ya noti nyingine saba nzuri, au kungoja giza la magharibi, kisha kumpa mzee asiyeona vizuri, au mtoto aliyeachwa dukani na mama yake: hapo mvua si udhuru tena. Na angalieni tunawachagulia nani noti hizo. Hakuna anayempelekea kambiste mwenye macho makali. Tunampelekea mwenye taxi-moto anayeharakisha, au mama mwenye kapu moja la ndizi. Hasara inatafuta aliye dhaifu, na sisi ndio tunaoishika mkono na kuipeleka.

Mtu atasema: "Basi nikimwambia, nimemaliza." Karibu, lakini si mara zote. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Ihya amelieleza jambo la sarafu mbovu kwa urefu. Anataja rai kwamba kupitisha dirhamu moja mbovu kunaweza kuwa kubaya kuliko kuiba mia, kwa sababu wizi umekwisha pale pale, na ile sarafu inaendelea kutembea mkono kwa mkono hata baada ya wewe kuzikwa, na kila anayedhulumiwa nayo unaandikiwa. Kisha anaongeza jambo zito: hata ukimpa mtu anayejua kuwa ni mbovu, hujatoka dhambini kama unajua kwamba anaipokea ili akamdanganye mwingine. Yeye alisema hayo juu ya sarafu isiyo na feza ndani yake. Juu ya sarafu iliyopunguka tu alilegeza: mwambie unayempa, na usifanye naye biashara kama unamjua kuwa ni mtu wa kughushi. Nadhani noti zetu zilizopasuka na noti za mbali ziko katika fungu hili la pili, kwa sababu thamani yake ipo, ila iko mahali pengine. Noti ya Burundi haifi Kindu. Imefunga safari tu. Mpe anayerudi Uvira, mweleze, na bei yake mpatane kwa uwazi.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana watu wengi wanaingia katika riba bila kujua. Una dola mia iliyopasuka. Kambiste anakuambia: "Nitakupa themanini nzuri." Unachukua, unafurahi umeokoa kitu. Lakini hiyo ni dola kwa dola, mia kwa themanini. Baraza la Fiqhi la kimataifa lililokutana Amman mwaka 1986 liliamua kwamba noti za karatasi zina hukumu ya dhahabu na feza katika riba na katika zaka. Jinsi moja kwa jinsi moja lazima ilingane, na iwe mkono kwa mkono. Njia ya kutoka tumefundishwa na Mtume mwenyewe katika habari ya tende za Khaybar. Waliletewa tende nzuri, ikajulikana kwamba zilipatikana kwa kubadilisha vibaba viwili vya tende duni kwa kibaba kimoja cha nzuri. Akakataza, akaelekeza wauze zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu wanunue nzuri. Basi uza dola yako iliyopasuka kwa faranga za Kongo, kwa bei mtakayopatana, upokee papo hapo. Kisha ukitaka dola nzuri, nunua kwa faranga hizo, kwake au kwa mwingine, bila sharti. Najua kijana mmoja atacheka kwamba mwisho wa hesabu ni ule ule. Na kibaba cha tende mwisho wake ungeweza kuwa ule ule. Tofauti ni kwamba katika njia hii unaijua bei ya soko, na hakuna anayekuminya kwa sababu ya shida yako.

Na aliyedanganywa je, ambaye noti imeishia kwake na hajui imetoka kwa nani? Swali hili ndilo gumu, na ndilo mnaloniuliza zaidi. Baba ana watoto sita, ameuza siku nzima, jioni anakuta noti ya dola ishirini haina kona. Nimwambie nini? Siwezi kumwambia apitishe. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhulumu wa tatu ambaye hakumkosea lolote. Hasara imesimama kwake, na ni uchungu, wala sitaupaka sukari. Auze kwa bei yake ndogo, na sehemu iliyopotea ataikuta kwa Mola wake akisubiri. Lakini sisi jirani tusimwachie peke yake. Kambiste Mwislamu anayeweza kuipeleka noti hiyo mpaka benki ya mji mkubwa, apokee kwa bei ya huruma.

Mwisho, kisanduku chetu cha sadaka. Sitataja mtu. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kuchagua kilicho kibaya tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kila Ijumaa kisanduku kikifunguliwa tunakuta noti ambazo soko zima limezikataa, zimekunjwa mara nne ili zisionekane. Muadhini halipwi kwa noti hizo, na mwenye kutuletea maji anazirudisha. Kamati imezihifadhi zote katika bahasha. Mwenye kuitambua yake aje baada ya swala ya Alasiri aichukue, hataulizwa jina. Zitakazobaki zitauzwa hadharani kwa anayesafiri kwenda Goma au Bukavu, naye ataonyeshwa kila moja mbele na nyuma kabla hajatoa bei.