Usiku wa Seguku

Hapa Kampala kila dini ina kilima chake. Wakatoliki wako Rubaga, Waanglikana Namirembe, Waislamu Kibuli, nao Wabahai wana hekalu lao Kikaaya tangu 1961. Mgeni akiuliza sababu huambiwa kwamba juu ni karibu na Mungu. Lakini kasri la Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, pale Rubaga liliungua kwa radi, na mwaka 1910 radi ikateketeza kanisa kuu la Namirembe. Kama kimo kinatusogeza mbinguni, basi cha kwanza kutupokea huko ni moto.

Nilimwambia hayo jirani yangu Nalongo, mama wa mapacha. Hakubishana. “Mwalimu,” akasema, “nyumbani maombi yangu yanagonga mabati yanarudi.” Ijumaa ile tukapanda kukesha Mlima wa Maombi, Seguku, kando ya barabara ya Entebbe.

Watu walikuja na Biblia, blanketi na madumu ya maji. Mimi nilivaa sweta mbili, nikajitumbukiza ndani ya kavera kubwa la plastiki, lile linalofunika godoro jipya dukani. Kavera huzuia umande usiingie, na jasho nalo lisitoke. Kabla ya alfajiri nilikuwa nimelowa kutokea ndani. Huku na huku watu waliomba kwa Kiganda, wengine kwa kelele, wengine kwa kulia. Jamaa mmoja karibu nami alikuwa akimsomea Mungu madeni yake: jina la mdai, kiasi, jina la mdai, kiasi. Sijasikia sala ya kweli kuliko ile.

Wapo wanaosema taabu hiyo ndiyo sadaka yenyewe. Sikubali. Kama baridi ingenunua rehema, askari wa getini, na koti lake kuukuu na bunduki mapajani, angewapita maaskofu wote kwa utakatifu. Yeye hukesha nje mwaka mzima kwa mshahara mdogo, wala hakuna anayemwomba amwombee.

Kinachonigusa ni kitu kingine. Usiku wa mjini ni kazi ya kufunga: geti, komeo, kufuli, dirisha, chandarua. Kilimani hakuna cha kufunga. Asiyeamini naye hulala hivyo akitaka, na huamka salama vilevile. Muumini yeye humkabidhi mwingine ulinzi ule aliouachia kufuli. Je, huyo mwingine yupo? Usiku wangu haukunipa jibu, na namshuku anayeshuka na jibu la haraka.

Luka anasimulia kwamba Yesu alikesha mlimani akiomba, kulipokucha akawachagua wale kumi na wawili. Mtume Muhammad aliposhuka kutoka pango la Hira alikuwa akitetemeka, akaomba afunikwe. Kwa wote wawili, kazi ilianzia chini, miongoni mwa watu. Na mwanamke Msamaria alipoleta ubishi wa mahali pa kuabudia, mlimani kwao au Yerusalemu, Yesu hakumchagulia hata pamoja. Kwa hiyo mimi mkesha naupima kwa shughuli ya kesho yake. Kelele na machozi havinisaidii kuupima.

Nalongo aliposhuka hakupitia nyumbani. Alipanda bodaboda hadi kwa kaka yake, waliyekuwa wakishtakiana naye kwa ajili ya kibanja cha marehemu baba yao. Kama alisikia sauti kule juu, hajaniambia. Kesi ameiondoa mahakamani.